Jua la Uvira Halizami Ziwani

Mwezi uliopita nilikaa siku mbili kituo cha vijana na karatasi 14 mezani. Zilikuwa insha za kikundi chetu cha uandishi, na kazi yangu ilikuwa kusema zipi ziingie jarida hili na zipi zisubiri. Mada tulichagua wenyewe: mahali unapopapenda, na siku uliporudi ukapakuta pamebadilika. Kurudi kwa miguu wengi wetu hatuwezi, kila mtu anajua, kwa hiyo tulikubaliana kwamba hata kurudi kwa simu kunahesabiwa. Picha uliyotumiwa, video, stori ya mtu aliyetoka kule juzi, vyote ni kurudi. Kati ya zile insha 14, tisa zilikuwa za ufuko wa Ziwa Tanganyika, upande wa Congo. Na katika hizo tisa, saba zina jua linalozama majini.

Saba! Kwa msomaji aliyetoka mbali, hasa ndugu zetu wa mashirika, ngoja nieleze tatizo liko wapi. Uvira iko kwenye pembe ya ziwa, kaskazini-magharibi. Nyuma ya mji kuna milima ya Mitumba, imesimama karibu kabisa na nyumba, huna pa kukimbilia. Mbele ni maji, na ng'ambo ya maji ni Burundi. Usiku unaona taa za Bujumbura. Maana yake jua linatokea upande wa Burundi, linapanda juu ya ziwa asubuhi, na jioni linapotelea nyuma ya mlima. Tena linapotea mapema. Watoto bado wako majini wanaogelea na kivuli cha mlima kimeshashuka mpaka barabarani. Ukiwa Uvira, Makobola, Mboko, hata Baraka kule chini, unaweza kukaa ufukoni maisha yako yote usione jua likizama ziwani. Halina njia ya kupita.

Sasa saba wameliona. Na wa nane ni mimi.

Katika toleo lililotangulia niliandika juu ya ufuko wa Kalundu, karibu na bandari, tulipokuwa tunakwenda na wenzangu baada ya shule. Watu waliipenda hiyo insha. Mfanyakazi mmoja wa shirika alinisimamisha njiani akaniambia ilimtoa machozi. Nikamuuliza ni wapi hasa. Akasema pale mwisho, jua jekundu linaingia majini, mama ananiita nikale, mimi sitoki. Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima, hata foleni ya maji niliiona fupi. Halafu mzee mmoja aliyekuwa mvuvi kule kule Kalundu, ambaye huja kituoni kuchaji simu, akasomewa insha na mjukuu wake. Alisikiliza mpaka mwisho, akacheka.

"Mwanangu," akaniambia, "jua ya kwetu inatokaka mu maji. Inalalaka ku mulima. Wewe ulikuwa unaangalia wapi?"

Nilimjibu ovyo, kwamba ni lugha ya fasihi. Akakubali kwa heshima, lakini niliona hajakubali. Usiku sikulala vizuri. Nilianza kujiuliza lile jua nimelitoa wapi, kwa sababu sikulibuni. Nililiona kweli, kwa macho yangu, jekundu vile vile.

Nililiona Kibirizi. Tulifika Kigoma kwa boti mwaka 2018, na tulishukia kwenye mwalo wa Kibirizi wakati wa jioni. Nilikuwa na miaka 17. Nilikaa kwenye mchanga juu ya begi, mdogo wangu amelala mapajani, nikageuka kuangalia tulikotoka. Kigoma inatazama magharibi. Jua lilikuwa linashuka juu ya Congo, juu ya ile milima ambayo mbali inaonekana kama moshi. Ndilo hilo. Nimelichukua jua la siku niliyokimbia nikalipeleka Kalundu, nikaliweka juu ya utoto wangu, na mama akiniita nikale. Mama siku ile hakuniita nikale. Chakula hakikuwepo.

Mtu anaweza kusema kosa la jiografia ni dogo, mwalimu anaweka alama nyekundu, tunaendelea. Mimi sioni hivyo tena. Nilizirudia zile insha saba nikiwa na hasira kidogo, nikatafuta kila mmoja amelipata wapi jua lake. Wawili walikuja hapa wakiwa wanabebwa mgongoni, ufuko wanaoujua ni wa kusimuliwa. Mmoja aliniambia wazi kwamba alitazama video ya muziki iliyopigwa Zanzibar, "ufuko si ufuko tu, yaya?" Wengine walisema hawajui, ndivyo wanavyokumbuka. Na mmoja, wa mwisho, alinijibu kwa mshangao kabisa: "Si wewe uliandika hivyo?"

Basi. Hapo ndipo nilipoona kwamba nikikosoa lazima nianzie nyumbani kwangu.

Ufuko ulioko kwenye insha zetu una mchanga mweupe, upepo mwanana, mitumbwi miwili au mitatu, mama anayeita na jua. Kisha yanakuja maji, au inakuja vita, na ule ufuko unaharibika, na mwandishi analia. Ukifunika majina hujui ni nani kaandika nini. Hakuna harufu. Nani alikaa ufukoni Uvira bila harufu ya ndagala walioanikwa? Hakuna mama anayefua, hakuna kijana anayeosha pikipiki kwenye maji yale yale ambayo mwingine anachota ya kunywa, ingawa Uvira na kipindupindu wamejuana miaka mingi. Na hakuna kiboko! Insha tisa za ziwa letu, hakuna kiboko hata mmoja. Sisi tulikuwa tunaogelea huku mmoja wetu amewekwa kazi ya kuangalia viboko tu, na tulipokezana kwa zamu. Hiyo zamu ndiyo utoto wangu. Kwenye insha yangu sikuiweka, nadhani kwa sababu haikuwa nzuri vya kutosha.

Nzuri kwa nani, hilo ndilo swali. Tuongee ukweli bila kugombana. Wageni wanakuja, wanakaa nasi saa moja, wanauliza: nyumbani unakumbuka nini? Wanauliza kwa roho safi. Na sisi tumeshajua kuwa jibu la zamu ya viboko linawachanganya, lakini jibu la jua na mama linawagusa. Mara ya kwanza unasema kwa sababu umechoka kueleza. Mara ya kumi umeshasahau kuwa kuna jibu jingine. Simlaumu mgeni, machozi yake hayakuwa ya uongo. Ila nataka ajue, akisoma jarida hili, kwamba baadhi ya tunayoandika tulijifunza usoni pake.

Insha mbili zilizobaki katika zile tisa hazina jua. Moja ni ya kijana ambaye mama yake alikuwa akianika ndagala. Anaandika jinsi ndagala wanavyomwagwa kwenye mchanga alfajiri, mitumbwi ikirudi na taa zake zimezimwa, na jinsi mama alivyokuwa akizunguka na fimbo kufukuza kunguru na watoto, yeye mwenyewe akiwa mmoja wa hao watoto. Halafu anasema mchanga siku hizi haupo, maji yamepanda, wanaanika ndagala kando ya barabara, na magari yakipita vumbi linawaingia. Hamna kulia. Amemaliza kwa bei ya beseni moja, zamani na sasa. Kijana huyu Kiswahili chake kina makosa kila mstari, na nimeyaacha mengine makusudi. Someni, iko kwenye toleo hili. Ya pili nitaifikia.

Mwaka huu nilipata kibali cha kutoka kambini siku tatu, kumsindikiza kijana wetu hospitali Kigoma. Siku ya pili, wakati anasubiri vipimo, niliomba ruhusa nikaenda Kibirizi. Nilitaka kuona pale nilipokaa na begi. Nilikuwa nimepaweka kichwani kwa alama: mti mmoja umeinama, kibanda cha mabati, na mawe matatu ambayo wanawake walikuwa wameyaegemeza masufuria.

Pale mahali pako ndani ya maji. Kibanda hakuna. Mti upo, mkavu, na shina liko ziwani. Wanawake wa migebuka (sisi tunawaita mikeke, samaki ni yule yule) wamesogea juu karibu na njia. Nilisimama nikaangalia.

Nataka kusema nilichohisi, kwa sababu ukosoaji huu hauna maana kama nitaficha. Kitu cha kwanza nilichohisi ilikuwa furaha. Nilifurahi kwamba nimepata mwisho wa insha. Nilianza kutunga pale pale nimesimama: "nilirudi, nikakuta maji yamemeza hata kumbukumbu yangu." Nilitoa simu niandike nisisahau. Mama mmoja wa samaki alikuwa ananiangalia muda wote huo. Nikamwambia, "Mama, maji yamepachukua hapa." Akasema, "Yalikuja, yatarudi. Unanunua au unashangaa?"

Nilinunua wawili.

Yule mama alijua kitu ambacho insha zetu hazikijui. Sisi tunaandika kana kwamba ziwa lilikuwa limetulia toka kuumbwa kwa dunia, likasubiri sisi tukimbie ndipo lipande. Ziwa hili halijawahi kutulia. Lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga, pale Kalemie. Stanley alipofika Lukuga mwaka 1876 alikuta mlango umezibwa na matope na matete, na ziwa lilikuwa linapanda. Miaka michache baadaye maji yakauvunja mlango, yakatoka kwenda Lualaba, na ziwa likashuka kwa mita kama kumi. Mita kumi! Ndiyo maana Ujiji, pale walipokutana Livingstone na Stanley mwaka 1871, kulikuwa karibu na maji, na leo kutoka kwenye ule mnara hadi ziwani unatembea. Halafu mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikalipandisha tena, 1964 likafika juu sana. Wazee wanaukumbuka mwaka huo. Kisha likarudi polepole, likaacha ardhi tambarare nzuri, na watu wakajenga hapo. Baba zetu wakanunua viwanja hapo. Mwaka 2020 likaanza kudai chake, na mwezi wa nne mwaka huo huo mto Mulongwe ukafurika ukapita katikati ya Uvira, ukaua watu wengi na kuacha maelfu bila nyumba. Mwaka 2024 likapanda tena, upande wa Burundi hata bandari ya Bujumbura ikaingiwa na maji.

Sisemi haya ili tuone msiba ni mdogo. Nyumba ikiingia maji imeingia. Nasema kwa sababu mwandishi anayejua haya ataandika tofauti. Atauliza: ule ufuko ninaoulilia ulikuwa ufuko toka lini? Babu yangu alikuwa anapita hapo kwa mtumbwi?

Kwenye kabati la kituo kuna nakala moja ya Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah. Mtu aliyemaliza mkataba wake alituachia. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kijana baada ya mapinduzi, akaishi Uingereza, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel. Kitabu alikiandika kwa Kiingereza, kilitoka 1994, na ilichukua miaka 28 kufika kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Nilikisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu aliyekiandika alikuwa mkimbizi kama mimi, sifichi. Mara ya pili kwa hasira.

Hasira ilitokana na ziwa. Kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa sababu ya deni la baba yake, anakaa pwani, halafu anapelekwa na msafara bara. Wanatembea, wanaugua, wanafika ziwani, wanavuka. Ng'ambo wanafika Marungu kwa mtawala anaitwa Chatu. Marungu ni jina la milima iliyo upande wetu, kule Moba. Nikashtuka: kumbe wametufikia sisi! Na ng'ambo hiyo, machoni pa watu wa msafara, ndiko mwisho wa dunia, kwa washenzi, kwa watu wasioaminika. Nilifunga kitabu. Toka lini nimekaa nasoma safari ya kwenda mahali pabaya, na mahali pabaya penyewe ni kwetu?

Mara ya pili nilisoma taratibu zaidi, nikaona Chatu anapewa mdomo. Anawaambia wageni kwamba kabla yao alikuja mfanyabiashara mwingine, akachukua mali, akamdhulumu. Anawaambia hakuwaita. Mwandishi wa pwani ameweka maneno hayo kinywani mwa mtu wa ng'ambo na hakuyapunguza. Bado naona tumepewa sehemu ndogo, tunaonekana wengi wetu kwa mbali, na wanawake wa Marungu karibu hawasemi kitu. Hilo ni kosa la kitabu, kwangu mimi. Lakini nimeacha kukasirika.

Nililotaka kulisema hasa ni bustani. Nyumbani kwa Aziz kuna bustani yenye ukuta, ina maji na miti, na Yusuf anaipenda kuliko kitu chochote. Anaomba kufanya kazi mle bila malipo. Anasafiri na msafara, anaona yote aliyoyaona, halafu anarudi, na anaingia tena bustanini. Sasa hapa sisi wa kikundi tungeandika: alikuta maua yamekauka. Ukuta umebomoka. Machozi. Gurnah hafanyi hivyo. Bustani ni ile ile. Kinachobadilika ni kwamba Yusuf anaanza kujua. Anajua kwamba Amina, anayeishi mle ndani, naye alitolewa kwa ajili ya deni, kama yeye. Anajua kwamba mzee Hamdani anayeitunza miti ni mtumwa aliyetolewa zawadi siku ya harusi. Maji na miti viko pale pale, lakini sasa anaona nani amevilipia.

Nikajiuliza: Kalundu yangu nani aliilipia? Sisi watoto wa shule tulikuwa tunaogelea saa tisa mchana kwa sababu kuna watoto wengine saa hizo wanabeba mizigo bandarini. Nilikuwa nawaona. Mmoja tulikuwa jirani. Kwenye insha yangu hayumo. Vita haikumtoa, wala maji. Nimemtoa mimi.

Nimewaambia vijana wa kikundi tusome ile sehemu ya bustani pamoja kabla ya kuandika tena. Wengine walilalamika kitabu ni kirefu na hakuna mapigano mpaka katikati. Sawa.

Sasa ile insha ya pili isiyo na jua, na hapa naomba subira kidogo.

Iliandikwa na binti wa miaka 17. Kwao ni Kavimvira. Mara ya kwanza aliponiletea ilikuwa na jua, na mchanga, na nyumba yao ya matofali, na mwembe nyuma ya nyumba. Ilimalizika kwamba nyumba ipo na inawasubiri. Tatizo ni kwamba wiki moja kabla alikuwa amenionyesha video ya dakika mbili aliyotumiwa na mjomba wake. Kwenye video nyumba iko majini mpaka madirishani. Mjomba anapiga akiwa kwenye mtumbwi, unasikia kasia. Kwa hiyo niliposoma "inatusubiri" nikajua mwandishi anajua si kweli.

Nikamwita, nikamuuliza kwa upole. Alinyamaza, halafu akasema: "Yaya, siku ya kusoma mama atakuwepo."

Mama yake ana karatasi ya kile kiwanja. Anaitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya posho, na mvua ikinyesha usiku ndio mfuko wa kwanza kuuinua. Amekuwa akisema mwaka huu au ujao, hali ikiwa nzuri, watarudi, kwa sababu wao angalau wana pa kufikia. Binti hakutaka kuwa yeye wa kumwambia. Na mbele za watu, kwa kipaza sauti?

Kwenye mafunzo yetu ya kazi ya vijana tulifundishwa mambo mengi, hili halikuwemo. Nilimwambia maneno mawili yanayopingana. Kwanza nikamwambia kwamba insha ikidanganya juu ya nyumba, kuna mtu anaweza kufunga mizigo kwa sababu yake. Kisha nikamwambia kwamba mama ni wake, si wa jarida, na kama anataka tutaiweka insha kabatini na hakuna atakayeuliza. Nikamwambia aende akalale. Wenzangu wa kituo nilipowasimulia waligawanyika. Mmoja alisema nimemtwisha mtoto mzigo wa watu wazima. Mwingine alisema mtoto alikuwa nao tayari, toka siku ya video. Wote wawili wana haki na mpaka leo sijajua nilifanya vizuri au vibaya.

Alirudi baada ya siku nne na karatasi moja, upande mmoja tu. Ameondoa jua, ameondoa mchanga mweupe, ameondoa upepo. Ameweka hatua. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwao zilikuwa hatua 25. Kutoka mlangoni hadi majini zilikuwa 40, za mtoto, aliwahi kuzihesabu akitumwa maji. Anaeleza nani alikuwa anakaa wapi katika hizo hatua: muuza mkaa, mama wa sombe, mbwa wa jirani aliyekuwa anamwogopa kwenye hatua ya kumi na mbili. Halafu anasema mjomba amehesabu sasa. Kutoka barabarani hadi majini ni hatua tisa, za mtu mzima. Basi, imeisha. Haisemi nyumba iko wapi. Kila anayejua kujumlisha anajua.

Kama mkosoaji naona udhaifu mmoja: yule mbwa anachukua mistari mingi kuliko mama wa sombe, na ningependa kumsikia yule mama akiongea. Pia mwanzo umechelewa kidogo. Lakini tangu nianze kusoma kazi za kikundi hiki, ndiyo insha ya kwanza ya ziwa ambayo ningeweza kuichukua mkononi, nikaenda Kavimvira, nikatembea nayo.

Siku ya kusoma ilikuwa Jumamosi. Mama alikuja, akakaa nyuma kwenye benchi la ukutani, na mtoto wa dada yake mgongoni. Binti alisoma bila kuinua macho. Alipofika kwenye hatua tisa sauti ilishuka, watu wa mbele tu ndio walisikia vizuri, lakini nafikiri hata nyuma walielewa, kwa sababu kulikuwa kimya kabisa. Alikunja karatasi, akabaki amesimama pale.

Mama akauliza kutoka kule nyuma, kwa sauti ya kawaida kama anauliza bei:

"Na mwembe?"

"Umesimama, mama," akasema binti. "Ndani ya maji."

Mama akamrekebisha mtoto mgongoni. "Basi maembe wanachumia kwenye mtumbwi," akasema, na watu wakacheka, na yeye akacheka, halafu akauliza anayefuata ni nani.